Nguo ya Mtoto Mchanga: Winda, Mbeleko na Tambara

Watu wa pwani wana methali ambayo mgeni wa lugha hii huicheka kwanza: Mtoto akikunyea mkono, mkono haukatwi. Twaitumia tutakapo kumsamehe jamaa aliyetukosea. Lakini maana yake ya ndani haisimami pasipo ile ya nje, nayo ni habari ya kila siku katika nyumba yenye mtoto mchanga: mtoto hunya, mkono huchafuka, mkono huoshwa. Aliyeitunga methali hii hakuwaza habari ya kutupa kitu. Alijua maji, na kiganja, na jua la kukaushia.

Wengi wameandika habari za ngoma, za ndoa na za mazishi ya watu wetu. Habari za winda hawakuziandika, labda kwa kuwa waandishi wengi walikuwa wanaume, nasi tu katika hao. Tusingaliandika hata sisi, lakini jambo fulani lilitupata nyumbani mwetu, ambalo msomaji atalisoma mbele, likatulazimisha kuuliza yale ambayo mama zetu walikuwa wakiyajua bila kuulizwa.

Kwanza tutazame maneno yenyewe, maana lugha hutunza desturi hata watu wakiisha kuisahau. Kiswahili hakitosheki na neno moja la kusafisha. Mtu hunawa uso na mikono, huoga mwili, huosha vyombo, hufua nguo, husuuza kilichofuliwa, hupangusa vumbi, hufuta machozi. Atokapo haja huchamba. Na mtoto, kwa kuwa hawezi mwenyewe, huchambishwa, ama hutawazwa, kama wasemavyo wengi wa bara. Kwa desturi ya pwani kuchamba ni kazi ya maji: kata ya kifuu cha nazi au kopo, mkono wa kushoto, na maji machache yamwagwayo polepole. Kupangusa ni kazi ya pili, ya kukausha, baada ya maji kwisha kufanya yao. Na neno kufua lina asili ya kupiga. Mhunzi hufua chuma, mtu wa shamba hufua nazi, na mwanamke wa zamani alifua nguo kwa kuipiga juu ya jiwe. Nguo isiyoweza kuvumilia jiwe haikuhesabiwa kuwa nguo.

Tena yapo maneno ya nguo yenyewe. Winda, ambalo wengine hulitamka ubinda, ni nguo ipitishwayo katikati ya mapaja na kufungwa kiunoni. Watu wazima waliokuwa wakienda kazini baharini au shambani walipiga ubinda, na mtoto mchanga huvikwa winda. Siku hizi wengi husema nepi, neno la Kiingereza lililokwisha kupata uraia. Mbeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Mkaja ni ile ajifungayo mzazi tumboni baada ya kujifungua. Na mtu asidhani kwamba hizi zilikuwa nguo za kudharauliwa. Katika posa za kale bwana arusi alitoa, mbali ya mahari, mkaja na ubeleko kwa mama wa bibi arusi, kumlipa kwa tumbo alilolifunga na kwa mgongo alioubebea. Nguo iliyochafuliwa na mtoto miaka mingi nyuma ilirudi mlangoni kwa heshima, mbele ya wazee, siku binti alipoposwa.

Sababu moja ya heshima hiyo ilikuwa kwamba nguo ilikuwa mali. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na meli za Salem katika Massachusetts zikaleta Unguja nguo ya pamba isiyopaushwa, nzito na imara, ambayo watu waliiita merikani. Nguo hiyo ilikuwa fedha katika safari za bara. Ilipimwa kwa mkono: mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti, na nguo nzima ni jora. Wapagazi walilipwa kwayo, na chakula cha njiani kilinunuliwa kwayo. Vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, vya 1861 hata 1865, viliikata biashara ile. Nguo za Uingereza na za Bombay zikashika mahali pake, lakini jina merikani likadumu. Basi mtu aliyepata shuka moja kwa jasho la siku nyingi hakuweza kuwaza kuikata vipande, kumpangusia mtoto mara moja tu, na kuvitupa.

Kanga zikaja karibu na mwisho wa karne ya 19. Wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso za kuchapwa zikiwa bado hazijakatanishwa, wakashona tatu juu na tatu chini, wakapata vazi moja la maua. Na neno leso lenyewe twalipata kwa Wareno. Baadaye wafanya biashara walileta nguo iliyokwisha kuchapwa nzima, na katika Mombasa Kaderdina Hajee Essak, ambaye duka lake lilianza mwaka 1887, alijulikana kwa kanga zenye chapa ya "Mali ya Abdulla". Kanga zilipokuwa nyingi na bei yake kushuka, ndizo zilizokuwa winda na mbeleko za watoto wengi wa pwani, na baadaye za bara pia. Hata leo mama aendaye kujifungua hospitalini hufunga kanga zake katika mfuko kabla ya kitu kingine.

Lakini kanga mpya haimfai mtoto. Ina wanga, ni ngumu, na maji hukawia kuingia ndani yake. Ikiisha kufuliwa mara nyingi hulegea, nyuzi zake hulainika, nayo hunywa maji upesi. Ndiyo maana bibi zetu hawakumpa mzazi kanga ya dukani kwa kazi hii. Walifungua sanduku wakatoa zilizochakaa. Hapa twafika penye jambo tulilotaka kulisema tangu mwanzo. Nguo moja ilikuwa na umri kama mtu, na kila daraja ya umri wake ilikuwa na jina. Kwanza ilikuwa vazi la kutokea, la arusini na la msibani. Kisha ikawa ya nyumbani, ya jikoni. Kisha ya kujifunika usiku. Ikilainika ikawa mbeleko. Ikizidi kulainika ikakatwa ikawa mawinda na vitambaa vya kumpangusia mtoto. Mtoto akikua, vitambaa vile vikawa matambara ya kushikia sufuria, kisha dekio la sakafu, na kipande cha mwisho kikasokotwa kuwa utambi wa koroboi. Kikaungua. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza nguo ile itupwe wapi.

Na kabla ya nguo palikuwa na ujuzi mwingine, wa kumzuia mtoto asiichafue nguo. Ujuzi huu umesahauliwa upesi kuliko kanga, nasi twauona kuwa wa maana zaidi. Mwaka 1977 watafiti wawili, deVries na deVries, waliandika katika jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, habari za Wadigo wa pwani ya Kenya. Waliona kwamba mama wa Kidigo huanza kumfundisha mtoto angali na majuma mawili au matatu tu. Mama huketi chini, amenyosha miguu. Humweka mtoto katikati ya miguu yake, akimwegemeza kifuani, kisha hufanya sauti ya "shuu" ya kumkojoza, mara nyingi mchana na usiku. Kwa haja kubwa humkalisha juu ya miguu yake, wakitazamana. Mtoto akitii sauti hupewa titi na kubembelezwa. Akifika miezi minne, mitano au sita, watazamia kwamba atakuwa mkavu kwa sehemu kubwa ya siku na ya usiku.

Msomaji aliyelelewa pwani atashangaa kwa nini jambo hili liliandikwa kama ajabu, maana amemwona shangazi yake akilifanya ukumbini. Lakini lilikuwa ajabu kweli kwa wasomaji wa jarida lile. Miaka 15 kabla yake, mwaka 1962, daktari wa Kimarekani T. Berry Brazelton alikuwa ameandika humo humo kwamba mtoto asianze kufundishwa hata afikapo umri wa mwaka mmoja na nusu hivi, na mafundisho yake yakaenea sana. Alikuwa na nia njema, ya kuwaepusha watoto na ukali wa wazazi. Ila mama wa Kidigo hakutumia ukali. Alitumia miguu yake, na sauti, na muda wake. Kila haja iliyokwenda chini kwenye mchanga ni winda moja lisilochafuka, na ni maji yasiyotekwa kisimani.

Sasa tuseme habari za kitu kilichokuja kushika mahali pa hayo yote. Katika Marekani, mwaka 1957, Arthur Julius alianza kutengeneza vitambaa vidogo vya majimaji vya kutumiwa mara moja, akaviita Wet-Nap. Mwaka 1963 vilianza kutolewa kwa wateja wa Kentucky Fried Chicken. Basi asili ya kitu hiki si mtoto, bali ni mafuta ya kuku katika vidole vya wasafiri. Mawinda ya kutupa, Pampers, yalitokea huko huko mwaka 1961, na jina lake limekuwa pampasi vinywani mwetu. Vitambaa vya majimaji vya watoto vikafuata, navyo mijini kwetu huitwa waipsi. Tumelitafuta neno la Kiswahili kwa ajili ya kitu hiki, tukaona watu hawakujishughulisha kulitunga.

Mtu akikivuta kitambaa hicho kwa mikono miwili ataona kwamba hakichaniki upesi kama karatasi. Sababu ni kwamba vingi vimetengenezwa kwa nyuzi za plastiki, za poliesta au polipropilini, zilizochanganywa na nyuzi zitokanazo na miti. Kikitupwa chooni hakiyeyuki. Katika London, mwezi Septemba 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel, wafanya kazi wa mifereji walikuta gogo la mafuta yaliyoganda pamoja na vitambaa hivi, urefu wake mita 250 na uzito wake tani 130. Kipande chake kikawekwa katika nyumba ya makumbusho ya mji ule mwaka uliofuata, watu wakenda kukitazama. Mwaka 2025 serikali ikatoa kanuni za kukataza vitambaa vyenye plastiki visiuzwe katika England. Kwetu sisi, Kenya ilikataza mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019, na kila mtu alijua kilichokatazwa, kwa kuwa mfuko ulionekana ukipepea mitini. Waipsi zikapita. Jicho laziona kuwa kitambaa, na jina la plastiki haliandikwi usoni pake.

Tulidhani mambo ya mifereji ni ya watu wa London. Sisi tuna shimo tu nyuma ya nyumba, lililojengwa kwa matofali, na kila baada ya miaka kadhaa huja gari la kunyonya. Binti yetu alikuja kujifungua kwetu, mtoto wake wa kwanza, naye alikuja na makatoni mawili ya vitambaa vile, zawadi ya wenzake kazini. Tulifurahi, tuliona ni maendeleo. Mama mkwe wetu, aliyekuwa akimkanda mzazi kwa maji ya moto, alivitazama, akanusa kimoja, akauliza, "Hiki hufuliwa wapi?" Mjukuu wake akamjibu, "Hakifuliwi, bibi, hutupwa." Bibi akasema, "Haya," wala hakuongeza neno.

Arobaini ikapita, na miezi mingine mingi baadaye gari la kunyonya likaja. Mpira ukaziba mara tatu. Mara ya nne fundi aliufungua, akavuta kwa ndoana kitu kirefu cha rangi ya kijivu, kilichosokotana kama kamba ya jahazi. Akatuita. "Mwalimu," akasema, "hivi ni vya nani?" Tuliona haya, kwa kuwa darasani twafundisha usafi, na majirani walikuwa wamesimama ukutani. Tulilipa mara mbili ya bei tuliyopatana. Vile vitambaa, baada ya muda ule wote shimoni, vilikuwa bado vizima. Mtu angaliweza kuvihesabu kimoja kimoja.

Jioni ile tulifanya hesabu, kama tuwapavyo watoto wa darasa la tano. Mtoto abadilishwe mara 8 kwa siku, na kila mara vitumiwe vitambaa 2 tu: ni 16 kwa siku, ni 5,840 kwa mwaka, ni 11,680 kwa miaka miwili. Kisha tukachukua doti moja ya kanga kuukuu. Upande mmoja ulikuwa na urefu wa sentimita 150 na upana wa 110. Ukikatwa vipande vya sentimita 25 kila upande, urefu hutoa 6 na upana hutoa 4, yaani vipande 24, na ukanda mmoja hubaki wa kufungia. Doti nzima hutoa vipande 48. Mama mkwe alipoona twapima kwa rula alicheka sana, kwa kuwa yeye huchana kwa meno na vidole, na vipande vyake huwa sawa.

Hata hivyo hatutaki kumlaumu mama wa mjini kwa urahisi, kama wafanyavyo baadhi ya wazee wakikaa barazani. Desturi ya kale ilikaa juu ya nguzo mbili, maji na mikono. Mzazi alikaa ndani siku 40, na mkunga, na mama, na mashangazi, na wasichana wa nyumba walifua badala yake. Leo mama yumo katika chumba kimoja cha kupanga, mumewe yu kazini, ndugu zake wako mbali, na maji anayanunua kwa ndoo. Mwambie afue mawinda manane kila siku, naye atakuuliza, kwa haki, ni nani atakayelipia ndoo. Mwanamke wa namna hii hana haja ya kukemewa. Ana haja ya kujua namna ya kutumia maji machache, nayo tulifundishwa na bibi yule yule, tukayajaribu.

Vipande hupindwa kingo zake ili visitoke nyuzi. Asubuhi, maji yaliyochemshwa na kupoa humwagwa kidogo juu ya vipande kumi, hukamuliwa, na kutiwa katika kopo lenye kifuniko. Visikae hata kesho, maana hushika harufu na ukungu. Kwanza uchafu mwingi huondolewa kwa ile sehemu safi ya winda lenyewe, ndipo kipande kimoja cha majimaji hutosha. Kisha kikavu hupangusa, na ngozi hupakwa mafuta ya nazi kidogo. Vilivyotumika huingia katika kopo la pili. Jioni uchafu husukutuliwa chooni kwa maji baridi, kwa kuwa maji ya moto huugandisha; ndipo huja sabuni, na kuchemsha, na kusuuza. Maji ya kusuuzia ya leo hutunzwa yakawa ya kusukutulia kesho. Kwa njia hii ndoo moja na nusu ilitutosha.

Kuanika nako kuna elimu yake. Yuko nzi atagaye mayai katika mchanga wenye mkojo na katika nguo mbichi iliyoanikwa kivulini au kutandazwa chini. Funza wake huingia katika ngozi ya mtoto na kufanya jipu. Wazee hawakuwa na jina la kitaalamu la nzi huyu, lakini waliamuru winda lisuuzwe hata lisiwe na harufu, lianikwe juu ya kamba katika jua kali, lianuliwe likiwa kavu kabisa, kisha lipigwe pasi ya mkaa pande zote mbili. Vijana hudhani pasi ile ilikuwa ya urembo. Ilikuwa ya kuua mayai.

Tena tulimwomba bibi atuonyeshe ile sauti ya kukojoza, tukitaka kuiandika kwa herufi. Haiandikiki vema, iko katikati ya "sh" na pumzi, na mjukuu wetu aliitambua kabla hatujamaliza kuipima. Mara tatu za kwanza hakufanya kitu. Mara ya nne aliyalowanisha makaratasi tuliyokuwa tukiandikia.

Binti yetu amekwisha kurudi mjini kwake. Katoni la pili liko bado juu ya kabati, nusu yake. Hutumia safarini, ndani ya basi, naye hukirudisha kila kitambaa katika mfuko mpaka penye pipa. Vipande 48 alikwenda navyo. Juzi alituletea salamu kwamba vimebaki 41: viwili vilichukuliwa na upepo, kimoja aliazima jirani, na vinne vimekwisha kuwa vya kushikia sufuria.